Neno Moja Kwenye Hati ya Jilala

Mwamakoye, Kishapu
3 Juni 1951

Kwa mdogo wangu Bartholomeo,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku ni wazima, isipokuwa mguu wa Mama, ule ule wa siku zote. Unavimba asubuhi na kupungua jioni, utadhani umeandikwa kazi. Limi ameota meno mawili ya mbele na sasa anauma kila anayemchekea. Mtama umekauka vizuri, pamba tumeanza kuichuma. Nawe je, hali yako? Kile kifua kimepona? Nasikia asubuhi za Geita zina baridi, ujifunike, usijifanye Mzungu.

Sasa nikueleze kilichonifanya niombe karatasi kwa katekista. Shemeji yako Jilala amerudi kutoka mgodini, wala si likizo. Alifika Jumanne kwa miguu, blanketi begani, mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne. Alimpakata Limi mpaka uji niliompa ukapoa.

Baadaye alinieleza. Anasema asubuhi moja wakiwa chini ya ardhi alisikia magogo yanayoshikilia dari ya mgodi yakilia, na vumbi likaanza kudondoka. Akapanda mbio mpaka mdomoni mwa shimo, akapiga mwano, lile yowe letu la hatari, kama ambavyo mimi na wewe tungepiga moto ukishika nyumba. Wasukuma wote wa kambini wakaja mbio wakiitikia, wengine na fimbo, maana ndivyo mwano unavyoitikiwa. Watu wa makabila mengine hawakuelewa. Wakadhani wanavamiwa, pakawa na kusukumana, mtu mmoja akapasuka mdomo. Kesho yake Jilala akapewa hati ya kuachishwa kazi. Dari haikuanguka siku ile, na hilo ndilo lililomponza.

Alikwenda kuomba kazi kwenye kinu cha pamba. Karani wa pale aliisoma hati, akaweka kidole juu ya neno moja, akaikunja, akamrudishia. Neno lenyewe nalinakili hapa herufi kwa herufi: B, R, A, W, L, I, N, G. Katekista anajua Kilatini cha misa, lakini Kiingereza anasema hakikumfikia.

Kuna jambo linalonitisha kuliko kazi. Maduhu, yule uliyechunga naye, sasa ndiye nsumba ntale. Vijana wote wa kijiji wako chini yake, na mashauri yote ya mwano ni yake. Kuna watu waliotoka huko kwenu wakasema Jilala alikuwa na ugomvi wake mwenyewe, akapiga mwano ili apate wa kumsaidia kupigana. Unajua mtu wa namna hiyo anafanywa nini. Maduhu amesema hatatoa hukumu mpaka ajue Wazungu wameandika nini.

Wewe ndiwe msomi wetu, na wewe ndiwe uliyemwombea Jilala kazi hapo. Tuambie neno hili maana yake nini na linatumika wapi. Tunakungoja.

Dada yako,
Paskalia


Mgodi wa Nyamalulu, Geita
24 Juni 1951

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepona kabisa. Mpe Mama shikamoo yangu. Dawa ya kuchua mguu nimempa dereva wa lori la pamba, ataiacha kwa katekista. Habari nyingine njema ni kwamba nimehamia nyumba ya makarani, yenye bati na dirisha la kioo. Ningependa siku moja uione.

Nimesikitika kusoma habari za shemeji. Kuhusu neno uliloniuliza, nimefungua kamusi kubwa ya ofisini ili nisikupe jibu la kubahatisha. Brawl maana yake ni ugomvi wa makelele, watu wanapopayukiana na kushikana mashati mbele za watu. Haliwi neno la vita, kwa sababu vita huwa na mpango. Haliwi pia neno la mume na mke kugombana ndani mwao. Wala huwezi kulitumia kwa watu wenye heshima wanaopingana hoja. Linafaa zaidi kwa walevi kilabuni au wahuni njiani. Mfano: "Jana sokoni palitokea brawl, watu wawili wakafungwa." Nadhani sasa limeeleweka.

Ni neno dogo, Dada. Katika madaftari yetu huandikwa karibu kila wiki. Msilikuze. Shemeji alime, atulie, watu watasahau. Mambo ya siku ile sikuyaona vizuri mimi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa ofisini. Nina kazi nyingi tangu aje meneja mpya, kwa hiyo naomba uniwie radhi kwa ufupi wa barua hii.

Wako mdogo,
Bartholomeo
Karani Mkuu Msaidizi


Mwamakoye
15 Julai 1951

Bartholomeo,

Marahaba. Dawa imefika na Mama anajichua. Hukuuliza hali zetu, lakini ngoja nikwambie.

Barua yako ilipofika, katekista aliileta akiwa na watu kumi nyuma yake. Kijiji kizima kilijua tunangoja neno lako. Wewe mwenyewe unajua barua ya karani huku si ya mtu mmoja. Maduhu akaniomba niisome pale pale, mbele ya nyumba ya mkutano wa vijana, nami nikaisoma kwa sauti, tena kwa majivuno, kwa sababu ni barua ya mdogo wangu. Nilisoma mpaka pale penye wahuni njiani ndipo nikasikia kinachotoka mdomoni mwangu. Nikataka kuruka mstari. Katekista alikuwa amesimama begani kwangu anafuatisha kwa kidole.

Maduhu hakupandisha sauti. Alisema: "Huyu ni shemeji yake, na ni mtu wa ofisi. Kama yeye amesema ni ugomvi wa walevi, sisi tuliokuwa huku tutasema nini?" Kwa hiyo tumetengwa, Bartholomeo. Hatupewi moto. Kisimani nasubiri mpaka wote waondoke. Hakuna anayetusalimu, hata wale mapacha wa jirani ambao mama yao nilimzalisha kwa mikono hii. Na mwano wetu hautaitikiwa. Hiyo ndiyo hukumu ya anayepiga mwano wa uongo, nayo ndiyo hukumu ya anayeusikia mwano akakaa kitako. Hakuna tofauti kati yao. Inaelekea Geita mtu husahau, ndiyo maana nakukumbusha.

Nami nina maswali juu ya hilo neno lako, kwa kuwa umenifundisha nusu. Wazungu wanapopigiana kelele wakiwa wamelewa, nao huandikiwa hilo? Wanawake wakigombea zamu ya maji, ni hilo? Watu hamsini wakikimbia na fimbo kwenda kumwokoa mtu wasiyemjua, kwa Kiingereza ni hilo hilo? Kamusi kubwa namna hiyo haina neno jingine?

Unakumbuka siku ya kenge? Ulikuwa na miaka sita. Ulimwona kenge kwenye majani ukapiga mwano, ukalia mpaka sauti ikakatika. Watu walitoka vijiji vitatu na mikuki. Walipokuta ni kenge, walicheka mpaka wakakaa chini, wakaomba maji, wakarudi makwao. Hakuna aliyekugusa, kwa sababu ulipiga kwa hofu ya kweli. Baba alikubeba ukiwa umelowa suruali. Jilala naye alipiga kwa hofu ya kweli. Nataka uandike hivyo, uandike na kilichotokea siku ile, nikawasomee.

Na jambo moja nataka unijibu kwa jina. Ni nani aliyeandika neno lile kwenye hati?

Mke wa Jilala


Mwamakoye
9 Septemba 1951

Bartholomeo,

Wiki nane zimepita, hujajibu. Dereva wa lori anasema amekuona, mzima, umevaa viatu vyeupe. Basi sikuulizi hali.

Juzi mchana nilikuwa shambani na Limi mgongoni. Upepo ulileta cheche kutoka kwa watu waliokuwa wanachoma majani, ghala letu la mtama likashika moto. Jilala alikuwa mbali, amekwenda kukata miti. Nilipiga mwano. Nilijua hukumu yetu, lakini mdomo haukuniuliza. Bartholomeo, niliwaona. Walisimama kwenye nyua zao, wanaume kwa wanawake, wakinitazama. Mama wa wale mapacha aliweka mtungi chini, akapiga hatua mbili, mumewe akamshika mkono. Mama yetu alitoka na ule mguu wake akiburuta ndoo moja. Ghala limekwisha, mtama wote wa mwaka.

Jioni nilimlilia Jilala, nikamwambia nitakwenda Geita kwa miguu kumtafuta aliyeandika neno lile. Ndipo aliponiambia nisisumbuke. Hajui kusoma, lakini macho anayo. Alikuwa amesimama mbele ya meza yako. Aliona kalamu ikichovya wino, akaona mkono wako ukiandika, na kabla ya kuandika ulimtazama mara moja. Amelijua hilo tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini alininyima, akasema: "Ni ndugu yako. Ningekwambia ili upate nini?"

Sina la kuongeza.

Paskalia


Mgodi wa Nyamalulu, Geita
21 Oktoba 1951

Dada Paskalia,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano. Kama utaichana, tafadhali uisome kwanza.

Mkono ni wangu. Asubuhi ile nilikuwa mezani. Niliusikia mwano wa Jilala, nikaujua, na miguu yangu chini ya meza ikataka kuondoka yenyewe. Nikaizuia. Meneja mpya alikuwa amesimama mlangoni, na mimi sikutaka anione nikitoka mbio na kupiga kelele pamoja na wachimbaji. Nilikaa, nikachonga penseli ambayo ilikuwa tayari imechongwa.

Kelele zilipokwisha akaniuliza hawa watu walikuwa na nini. Nilipaswa kumweleza kwamba kwetu kuna wito wa hatari, kwamba anayeusikia ni lazima aje, na kwamba afadhali atume mtu akatazame yale magogo. Kiingereza cha kusema hivyo ninacho. Lakini niliona haya. Nilifikiri atasema huyu naye ni wale wale. Nafasi ya kuandika sababu kwenye hati ni nyembamba, upana wa vidole viwili, na neno moja lilikuwa linaenea. Nililisema, akaitikia kwa kichwa, na kesho yake nikaliandika. Magogo hayakutazamwa. Wiki iliyofuata nikapewa nyumba ya bati.

Uliniuliza linatumika wapi. Baada ya barua yako ya pili nilifungua madaftari ya miaka minne iliyopita, nikitaka kukuonyesha kwamba wewe umekosea. Nimeliandika mara thelathini na moja. Wanawake waliogombea bomba la maji, nimeliandika. Watu waliotoka kumzika mwenzao wakiimba njiani, nimeliandika. Wale waliokataa unga wenye funza wakaja ofisini wakisema wote kwa pamoja, nimeliandika. Krismasi iliyopita Wazungu wawili walipigana kilabuni kwao hadi mmoja akashonwa sikio. Nilitafuta ukurasa wa siku hiyo. Nilikuwa nimeandika kwamba viti vinne vinahitaji kutengenezwa. Kamusi haikunifundisha hayo. Nilijifunza mwenyewe, na nilikuwa mwanafunzi hodari.

Nilitaka kukujibu tangu Julai, nikaogopa. Sasa sikiliza kilichotokea.

Tarehe tisa mwezi huu dari ya mgodi iliporomoka, pale pale Jilala alipopasema. Watu wanne walikuwa ndani. Aliyetoka hai ni mmoja, Ignas, amevunjika nyonga. Nilitumwa hospitali kuandika maelezo yake. Nikamuuliza kama hawakusikia dalili yoyote. Akasema magogo yalilia tangu asubuhi. Nikamuuliza, mbona hamkupiga kelele? Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. Akasema Mageni alitaka kupiga mwano, alikwisha weka mkono mdomoni, wenzake wakamwambia: "Unataka hati kama ya Jilala?" Akaushusha mkono. Wakaendelea kuchimba, kila mmoja akisikiliza. Mageni amekufa, Dada. Na Theonest. Na mzee mmoja wa Kizinza ambaye wote tulimwita Babu na jina lake tumelijua kwenye kaburi.

Siku ile kambi ilikuwa kimya. Hakuna aliyegombana na mtu.

Nilirudi ofisini nikaandika maelezo ya Ignas yote kama alivyosema, kisha nikaongeza yangu, kwa Kiingereza, ukurasa mzima. Meneja akaniambia nifupishe. Nikakataa. Mwisho wa mwezi huu natoka kazini, na hati yangu nayo ina neno lake, ambalo kwa Kiswahili ni ukaidi. Halinisumbui.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, kwa Kiswahili, yenye jina langu na dole gumba langu. Inaeleza kwamba mwano wa Jilala ulikuwa wa kweli, kwamba watu watatu wamekufa mahali alipopasema, na kwamba mimi niliusikia nikakaa kitako. Msomee Maduhu mbele ya wote. Usiruke mstari. Hukumu yake naijua, uliwahi kunikumbusha. Mwambie shemeji Jilala kwamba sina uso wa kumwomba kitu.

Nikitoka hapa nitakaa misheni ya Geita, barua zitanikuta huko, nami nitafika kwenu katikati ya Desemba kama mtanipokea, na kama hamtanipokea nitaelewa.

Mdogo wako,
Bartholomeo


Mwamakoye, Kishapu
25 Novemba 1951

Mdogo wangu Bartholomeo,

Salamu. Sisi ni wazima. Mama anatembea na fimbo, Limi naye anatembea kwa kushika hiyo hiyo fimbo, wanaangushana. Mvua za kwanza zimenyesha. Wewe hali yako? Unakula? Kuwalilia wale marehemu ni haki, lakini ule.

Karatasi yako nimeisoma jana mbele ya nyumba ya vijana. Sikuruka mstari. Nilisoma habari za Mageni na mkono wake, watu wakainamisha vichwa. Mama wa wale mapacha akaanza kulia, akaja akasimama karibu nami, mbele ya mumewe, kabla Maduhu hajasema neno. Maduhu akamwita Jilala katikati, akampa kijinga cha moto mkononi mwake mwenyewe. Watu wakamshika mikono mmoja mmoja. Wamesema watatujengea ghala jipya, na madebe ya mtama yameanza kuletwa, mengine bila mwenyewe kujitaja, kwa aibu.

Nilidhani yamekwisha. Maduhu akaniomba nirudie mstari mmoja, ule wa mwisho. Nikaurudia. Akasema, "Kwa hiyo aliusikia." Ulichunga naye, ukala naye, lakini alisema alichopaswa kusema. Kuanzia kesho wewe ndiye uliyetengwa. Usipewe moto, usisalimiwe, mwano wako usiitikiwe, na wa kijiji hiki asikuandikie. Ndiyo maana naandika leo, katekista ananingoja mlangoni na bahasha.

Mimi nina hasira na wewe, usidhani karatasi imezimaliza. Nikitazama majivu ya ghala nakuona umekaa kwenye kiti unachonga penseli. Lakini ulipoandika kwamba nisiruke mstari nilimjua tena mtu niliyembeba mgongoni.

Jilala alisimama. Unajua si mtu wa maneno. Alisema kwamba yeye ameonja kutengwa miezi minne, hawezi kumtakia hata fisi. Alisema, kama mwano wa mtu hautaitikiwa milele, basi na aruhusiwe kuupiga mara moja tuone. Wazee walibishana mpaka jua likawa utosini, kwa makelele, wengine wamesimama, fimbo zinagonga chini. Ungekuwepo na kalamu yako sijui ungeandika nini. Mwisho Maduhu akakubali. Utakapokuja utapiga mwano mara moja, na safari hiyo moja hakuna atakayekatazwa kuitikia wala atakayelazimishwa. Kila mtu atajua mwenyewe. Akija hata mmoja, umerudi. Asipokuja mtu, urudi ulikotoka.

Kwa hiyo nisikilize. Ukifika kwenye mto wa mchanga, chini ya kijiji, usivuke. Usibishe hodi kwa mtu wala usimtume mtu. Vua hivyo viatu vyeupe, tua mzigo, upige. Piga kama siku ile ya kenge. Wengine sijui watafanya nini, na siwezi kukudanganya.

Fimbo ya Jilala tangu jana imeegemezwa mlangoni. Nilitaka kuiondoa wakati nafagia, akaniambia niiache hapo hapo.

Dada yako,
Paskalia